Kibandiko cha "Gaming" kinakula dola za wazazi wa Butembo

Leo sitazunguka. Kuna wizi unaofanyika mchana katikati ya mji wetu, bila kisu na bila kuvunja mlango wa mtu. Unafanywa kwa kibandiko. Neno "Gaming" linabandikwa juu ya kompyuta ya zamani, taa nyekundu na za kijani zinawashwa chini ya vibonye, bei inapandishwa, na mzazi anarudi nyumbani akiamini amempa mtoto kitu cha maana. Baada ya wiki mbili mashini inapumua kama mzee anayepanda mlima na mzigo, mchezo unakatakata, batri haimalizi nusu saa. Ukirudi dukani, mwenye duka anakuambia: "Mama, mtoto ameiharibu."

Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa 6 mwaka 2024, na familia nyingi kukimbilia upande wa Lubero na hapa Butembo, nyumba nyingi za mji huu zina watoto wawili au watatu kuliko zamani. Wengi ni vijana wa miaka 14, 15, 16. Walikuwa na masomo, shamba, uwanja wa mpira na marafiki. Hapa wana kona ya sebule ya shemeji. Ndugu aliye Kampala au Kanada anauliza atume nini, na kijana anajibu bila kufikiri: mashini ya kucheza. Ndipo dola 250 zinafika kwenye simu ya mama, na mama anashuka mjini akiwa hajui chochote kuhusu mashini, ila anajua kwamba dola kama hizo hazitarudi tena mwaka huu.

Mama mmoja wa namna hiyo, anayekaa katika komine ya Mususa, aliniuliza tukiwa nje ya kipindi: "Ndugu mwandishi, nitajuaje kwamba hawanidanganyi?" Nilipoleta swali lake hewani, simu za kwanza hazikujibu swali. Zilimlaumu. Mmoja alisema mkimbizi wa vita anunue unga, si michezo. Mwingine alisema michezo ya kompyuta inafundisha watoto kuua.

Nianze na hao, niwamalize haraka. Mama hakuomba ruhusa ya kutumia pesa za familia yake. Aliomba asiibiwe. Halafu huyo kijana asipocheza nyumbani anacheza wapi? Mnajua wapi. Katika vile vyumba vya PlayStation ambako analipa kila mechi, ambako watu wazima wanaweka dau juu ya mechi za watoto, na chupa zinazunguka tangu saa nne asubuhi. Na kijana asiye na kazi, asiye na darasa, mwenye hasira ya kijiji kilichochomwa, ana watu wengine wanaomtafuta pia, na hao hawampi kompyuta. Sisemi mchezo wa mpira kwenye kioo unazuia bunduki. Nasema yule anayemkataza mtoto wa mwenzake kitu kidogo cha furaha, kwa sababu tu mtoto huyo alikimbia vita, aangalie kwanza kilicho sebuleni mwake mwenyewe.

Tena kijana maana yake ni binti pia. Katika maswali yote niliyopokea, mzazi mmoja tu alinunua kwa ajili ya binti. Tutazungumza juu ya hilo siku nyingine, na sitakuwa mpole.

Sasa turudi kwa wauzaji.

Silaha yao ya kwanza ni maneno "i7". Mwenye duka anayatamka kama vile anataja jina la mtakatifu. "Papa, hii ni i7, inabeba michezo yote." Msikilizaji, i7 peke yake haisemi kitu. Ni sawa na kusema "nina Toyota." Toyota ya mwaka gani? Intel, kampuni inayotengeneza hivyo vichwa vya kompyuta, imetumia jina la i7 tangu mwaka 2008. Kinachosema ukweli ni namba iliyo nyuma ya hilo jina. Chukua i7-6600U ya mwaka 2015: tarakimu ya kwanza ni 6, maana yake kizazi cha sita, na ndani ina viini viwili tu vya kazi. Weka pembeni yake i5-8250U ya mwaka 2017: kizazi cha nane, viini vinne. Hiyo inayoitwa ndogo inaishinda hiyo inayoitwa kubwa. Kuna hata i7 za mwaka 2010 ambazo bado zinapigwa poda na kuuzwa. Mtu anayekuuzia "i7" na kukataa kusema namba inayofuata anajua vizuri kwa nini anakataa.

Kizazi cha nane nimekitaja kwa sababu. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Ofisi za Ulaya na Marekani haziwezi kukaa na mashini zisizopata ulinzi, kwa hiyo zinaziondoa kwa mafungu. Unadhani zinakwenda wapi? Nyingine zinapakiwa kwenye makontena, zinapita bandarini, zinavuka Kasindi, na hapa zinapewa jina jipya na taa. Sikatai mashini iliyotumika. Mimi mwenyewe naandika habari hii kwenye mashini iliyotumika. Ninachokataa ni kuuziwa ya kizazi cha nne kwa bei ya kizazi cha nane, kwa sababu tu mnunuzi ni mama kutoka kijijini.

Na uchungu wenyewe uko hapa. Koltani ya Rubaya inatoka kwenye vilima vyetu. Bati la Bisie, kule Walikale, ni letu. Ndani ya kompyuta nyingi duniani kuna tantalamu na kuna risasi ya kuunganishia iliyotengenezwa kwa bati. Watoto wa Masisi na Walikale wanakimbia vita vinavyozunguka machimbo hayo, halafu madini yanawarudia baada ya miaka kumi yakiwa kompyuta iliyochoka, na mwenzetu, mtu wa hapa hapa, anaongeza wizi wa pili juu ya ule wa kwanza. Haya, niendelee.

Silaha ya pili ni lile sanduku kubwa la mezani lenye kioo cha pembeni na feni zinazowaka. Vijana wanalipenda, naelewa. Na ukweli usemwe: kwa dola zile zile, kompyuta ya mezani inacheza vizuri kuliko ya kubeba. Kama uko Lubumbashi na umeme wa kutosha na nyumba yako mwenyewe, nunua Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya ofisi iliyotumika, weka ndani kadi ya picha ndogo kama GTX 1650 isiyodai waya wa pembeni, na mtoto atafurahi. Lakini ni nani katika wasikilizaji wangu aliye na hayo yote?

Fanya hesabu ya umeme kabla ya hesabu ya dola. Nyumba nyingi hapa zinaishi kwa paneli ya jua na batri moja ya volti 12, ampea 100 kwa saa. Kwenye karatasi batri hiyo inabeba wati 1200 kwa saa. Lakini batri ya risasi ukiimaliza chini ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo una 600. Kibadilisha umeme nacho kinakula sehemu yake, unabaki na kama 500. Sanduku la mezani lenye kadi ya picha, pamoja na kioo chake, likicheza linaweza kula wati 150 hadi 200. Maana yake saa tatu hivi na nyumba nzima iko gizani, simu hazina chaji, na baba anagombana na mtoto. Mashini ya kubeba ya ofisi, ikicheza, inakula kama wati 30 au 40. Batri ile ile inaipa zaidi ya saa kumi. Na zile mashini za kubeba zinazoitwa za michezo kwa kweli, zenye kadi ya picha ya pembeni, chaja zake ni za wati 150, 180, hata 230. Angalia maandishi kwenye chaja kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Chaja haijui kudanganya.

Anayetumia umeme wa jenereta ya mtaa anunue stabilizeta. Umeme unaopanda na kushuka umeua mashini nyingi mjini hapa kuliko virusi.

Kuna hesabu nyingine ambayo hakuna muuzaji anayeifanya, na ambayo kila mtu aliyekimbia anaijua bila kufundishwa. Usiku ule wa kuondoka unabeba nini? Unabeba watoto, sufuria, karatasi za shule, kadi ya kura, labda godoro. Sanduku la mezani linabaki. Mashini ya kubeba inaingia kwenye mfuko wa mgongoni pamoja na cheti cha mtoto. Sitaki kuwatisha watu, na namwomba Mungu tusikimbie tena. Lakini anayemuuzia familia iliyokimbia mara mbili sanduku la kilo kumi, pamoja na kioo cha kuvunjika, na kumwambia "hii ndiyo bora kwa bei", huyo hauzi kompyuta. Anamaliza stoku.

Basi ninunue nini kwa dola 250? Jibu langu kwa yule mama lilikuwa hili, na sijalibadilisha. Tafuta mashini ya kubeba ya ofisi, zile ngumu ambazo kampuni ziliwapa wafanyakazi wao: ThinkPad, EliteBook, Latitude. Hazina taa. Ni nyeusi au za kijivu, kijana atanuna siku ya kwanza. Ukipata yenye Ryzen 5 ya AMD ya mfululizo wa 3000, kama ThinkPad T495 au EliteBook 745 G6, usiiache ikupite, kwa sababu sehemu ya picha iliyo ndani ya Ryzen hiyo, inayoitwa Vega, ina nguvu kuliko ile ya Intel ya wakati huo. Wauzaji wengi hawajui, wanaiacha kwa bei ya chini kwa kuwa haina jina "i7". Kutojua kwao, kwa mara moja, kukufae wewe. Ukikosa, chukua i5 ya kizazi cha nane na kuendelea.

Memori, ile wanayoita ramu, isiwe chini ya giga 8. Kama mashini ina nafasi mbili za ramu, vipande viwili vya giga 4 ni bora kwa michezo kuliko kipande kimoja cha giga 8, kwani sehemu ya picha inakopa ramu hiyo hiyo, na njia mbili zinapitisha zaidi ya njia moja. Baadaye, likelemba ya mama ikizunguka, utaongeza. Diski iwe SSD, si ile ya zamani inayozunguka. Hapo sina mjadala na mtu. Mashini yenye diski ya kuzunguka itamfanya mtoto asubiri mpaka hamu iishe, na ikitikisika kwenye pikipiki kati ya Butembo na Lubero diski hiyo inakufa.

Itacheza nini? Tuwe wakweli ili kijana asije akadanganywa na mzazi baada ya kudanganywa na duka. Itacheza GTA San Andreas bila jasho, maana mchezo huo ni wa mwaka 2004. Itacheza PES 2017. Itacheza Minecraft. GTA V itaenda ukishusha ubora wa picha. Haitacheza EA Sports FC za karibuni kama inavyotakiwa, kwani hizo zinadai kadi ya picha ya pembeni. Counter-Strike 2 ni ya bure lakini inaomba nafasi ya giga 85 kwenye diski. Hesabu mwenyewe ni mega za kiasi gani utanunua ili kuishusha, halafu uniambie kama bado ni ya bure. Kuna michezo ya bure kweli, midogo na ya halali, kama SuperTuxKart na 0 A.D., inayoweza kupitishwa kwa flashi kutoka kwa jirani bila kumwibia mtu. Zile "michezo 50 tayari ndani" ambazo duka linakupa kama zawadi, mwambie azifute mbele yako. Nyingi zimevunjwa kufuli na watu usiowajua, na ndani yake mnaweza kuwa na mdudu anayekula mashini na anayesoma nywila za simu yako ya pesa.

Na mashini hiyo hiyo, mchezo ukifungwa, inabeba Kiwix yenye Wikipedia nzima ya Kifaransa bila intaneti, inabeba mitihani ya zamani ya Egzetat, inabeba Scratch na Godot ambavyo kijana anaweza kutengenezea mchezo wake mwenyewe. Sikuyataja kwanza makusudi. Nimechoka na wazazi wanaomwambia mtoto "nimekununulia ya masomo" ili wapate amani ya dhamiri. Mwambie ni ya kucheza. Masomo yataingia yenyewe kwa dirisha.

Sasa dukani. Nenda mchana, na uende na kijana mwenyewe, kwa sababu ana macho makali kuliko yetu. Usikubali mashini iliyokwisha kuwashwa, iwashwe mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Unafunguka ukurasa unaoonyesha kichwa cha kompyuta kwa namba yake kamili, ramu na diski. Kibandiko cha nje kinabadilishwa kwa franka chache, ukurasa huo ni vigumu zaidi kuudanganya. Kisha fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashini itakuandikia yenyewe batri ilizaliwa na nguvu kiasi gani na leo imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki chini ya nusu, punguza bei hapo hapo au ondoka. Cheza mchezo nusu saa nzima, bila chaja kwanza, halafu na chaja. Weka mkono chini ya mashini. Joto likikushinda mkono, feni imekufa au vumbi limejaa, na hilo ndilo litakaloikata baada ya wiki mbili. Jaribu kila kibonye, kila tundu, kamera, sauti.

Kwa wanaong'ang'ania sanduku la mezani: kuna kadi za picha bandia zinazojitambulisha kwa jina la kadi kubwa kumbe ndani ni za mwaka 2010. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika neno FAKE waziwazi. Ibebe kwenye flashi yako. Muuzaji akiikataa flashi yako eti ina virusi, umeshapata jibu.

Wapo wauzaji waaminifu, nawajua, nao wanaumia kuliko wote, kwani wao wanaandika namba kamili kwenye bei na mteja anawapita akikimbilia taa za jirani. Kwa ajili yao na kwa ajili ya yule mama, naomba mambo matatu, na naomba kwa sauti. Kila mashini iandikwe namba kamili ya kichwa chake na mwaka, si "i7" tupu. Kila mnunuzi apewe risiti yenye namba ya mashini na garanti ya mwezi mmoja iliyoandikwa, si ya mdomo. Na FEC, ambayo wafanyabiashara wengi wa mji huu ni wanachama wake, iwaite wenye maduka ya kompyuta mezani na kukubaliana nao juu ya hayo mawili. Hakuna sheria mpya inayohitajika, wala mjumbe kutoka Kinshasa. Inahitajika kalamu na karatasi.

Mwenye duka mmoja alinipigia simu baada ya kipindi kilichopita, akaniambia ninaharibu biashara za watu. Nilimuuliza: mashini iliyo kwenye kioo cha duka lako ni i7 ya kizazi gani? Akakata simu.

Nafasi ya kujibu ipo. Mwuzaji yeyote anayeona nimemwonea aje studio na mashini moja kutoka dukani kwake, tuiwashe hewani, tusome namba yake pamoja mbele ya wasikilizaji. Nitaleta flashi. Yule mama wa Mususa bado hajanunua. Anangoja kusikia ni nani atakayekuja.